Mbwa wa kazi na mbegu za nyasi: namna ya kumkagua, kutoa, na kujua lini umkimbize kwa daktari

Kila mvua zikikatika maswali yanarudi yale yale. Mbwa anachechemea, kuna kauvimbe katikati ya vidole, kachomwa OTC (sindano ya antibiotiki, oksitetrasaiklini) siku tatu kakapona vizuri tu, wiki mbili baadaye kamerudi palepale, je nibadilishe dawa? Mwingine mbwa wake anatikisa kichwa tangu jana jioni hataki kuguswa sikio. Mwingine mbwa anakohoa mwezi sasa na kila mtu anamwambia ni baridi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona niyaweke yote hapa, kwa sababu mara nyingi jibu ni hilohilo: kuna kitu cha mmea kimeingia mwilini na bado kimo humo, na sindano peke yake haikitoi.

Naongelea mbwa wanaofanya kazi porini. Mbwa wa machungo kama hawa wetu huku Kongwa, Dodoma, mbwa wa walinzi wanaozunguka mashamba usiku, na hata wale wa kufuata nyayo wanaotembea na askari wa wanyamapori, mfano wa hifadhi za Kenya kama Ol Pejeta kule Laikipia au Mara Triangle. Mbwa wa getini naye anaweza kupata, ila huyu wa porini anaipasua nyasi kwa kifua kutwa nzima huku mdomo wazi anahema, kwa hiyo yeye ndiye anayeumia zaidi.

Adui mkubwa ni mbegu za nyasi zenye ncha kali na mkia mrefu. Ile mbaya kuliko zote wataalamu wanaiita Heteropogon contortus, sisi tunasema nyasi za mkuki, zile mbegu za kahawia nyeusi zinazojisokota pamoja kama nywele na kung'ang'ania suruali. Ukitaka kuelewa kwa nini nazisema hivi, chukua mbegu moja kavu, iweke kiganjani, idondoshee tone la maji halafu tulia uangalie. Ule mkia unaanza kujisokotoa wenyewe taratibu, na ncha inazunguka kama keekee. Ndivyo inavyojichimbia ardhini ili iote. Sasa kwenye manyoya ya mbwa yaliyolowa umande au jasho la nyayo inafanya kazi ileile, na pale nyuma ya ncha ina vinyweleo vinavyolala upande mmoja, kwa hiyo inakwenda mbele tu, kurudi hairudi. Mbwa akitembea misuli inaisukuma, akipumua inasukumwa. Inaweza kuingilia kwenye kidole ikaja kutokea juu ya mguu, au ikavutwa na pumzi mpaka kwenye mapafu, na ikifika huko huwa imebeba bakteria wa mdomoni na wa udongoni.

Wengine wa kuwaangalia ni kishona nguo, mbigili, miiba ya migunga, ncha za mkonge kwa mbwa wanaopita kwenye uzio, na ile mipungate inayosumbua sana Laikipia, ambayo ina vimiiba kama vumbi huwezi hata kuviona bila mwanga mkali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Tochi, ya kichwani ni bora maana inakuachia mikono yote miwili. Kibano chenye ncha nyembamba ambayo inafumba vizuri, vile vya kung'olea nyusi vinafaa ukikosa cha hospitali. Mkasi wenye ncha butu. Glovu. Bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake. Povidoni, ile iodini ya kahawia. Chumvi ya kawaida na maji yaliyochemka. Kipimajoto, na hicho kikishapima mbwa kibaki cha mbwa. Kitambaa laini kirefu kama mita moja cha kufunga mdomo. Daftari. Na mtu wa pili, tena awe yule ambaye mbwa anamzoea, usichukue kijana anayemwogopa mbwa ukamwambia ashike kichwa.

Maji ya chumvi tengeneza hivi: nusu lita ya maji yaliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yawe vuguvugu. Usiongeze chumvi ukidhani itaua wadudu zaidi, itaunguza kidonda tu.

Na kitu cha kwanza kabisa, mbwa awe na chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haijapitwa na wakati. Hili nitalirudia kwenye hatua ya mdomo na nina sababu.

Hatua zenyewe

1. Mkague siku hiyohiyo anaporudi, kabla hajala na kabla hajalala. Dakika kumi zinatosha ukishazoea. Mbegu ambayo saa kumi na mbili jioni ilikuwa juu ya manyoya, kesho asubuhi inaweza kuwa chini ya ngozi. Mlaze ubavu mahali penye mwanga, ongea naye, na kama ana maumivu mfunge mdomo kwa kile kitambaa: zungusha puani, fundo chini ya kidevu, halafu peleka nyuma ya masikio ufunge. Usimfunge mbwa anayehema kwa shida, anayetapika au aliyepata joto kali, huyo atakufia mikononi.

2. Pitisha vidole kwanza, macho baadaye. Watu wengi wanaangalia tu kwa juu halafu wanasema hana kitu. Fumba macho kama itakusaidia, pitisha ncha za vidole kinyume na manyoya kuanzia shingoni, kifuani, kwapani, kinenani, mpaka chini ya mkia. Unatafuta kitu kigumu kama kijiti, manyoya yaliyoshikana, sehemu yenye unyevu anayoilamba, au mahali ambapo ukigusa ngozi inaruka.

3. Nyayo. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Tanua kila kidole, juu na chini, pamoja na ile nafasi nyuma ya kitumbua kikubwa cha unyayo. Mara nyingi hutaona mbegu, utaona manyoya mawili matatu yamegandana na kajimaji, chini yake kuna kitobo kama cha pini. Jeki wangu mwaka juzi nilimkagua mara mbili nikasema yuko salama, mara ya tatu nikakata yale manyoya kwa mkasi na kummulika kwa tochi kwa pembeni siyo kwa juu, ndipo nikaona kamkia kembamba kamechomoza kama milimita mbili, rangi ileile ya manyoya yake. Nilipokavuta kakatoka kamekamilika, urefu wa punje ya mchele na zaidi kidogo, na nyuma yake tone moja la usaha wa pinki. Kesho yake alikuwa anakanyaga.

4. Masikio. Dalili yake ni ya ghafla, mbwa aliyeondoka mzima anarudi anatikisa kichwa na kukiinamisha upande mmoja. Inua sikio, mulika, toa unachokiona kwa macho tu. Usiingize kijiti cha pamba, unaisukuma mbegu mpaka kwenye ngoma ya sikio. Na usimimine dawa yoyote ya masikio wala peroksaidi, kwa sababu kama ngoma imeshatoboka dawa inapita mpaka ndani na inaweza kumwacha kiziwi au kumfanya apepesuke. Kama huoni kitu na anaendelea kutikisa, ni daktari, leo au kesho asubuhi.

5. Macho. Akifumba jicho moja, likitoa machozi au tongotongo za upande mmoja, vuta kope ya chini polepole uangalie. Mbegu hupenda kujificha nyuma ya lile kope la tatu lililoko kwenye kona ya upande wa pua. Suuza kwa yale maji ya chumvi yaliyopoa, mengi, kwa bomba, bila kukandamiza. Ikielea ikatoka, vizuri. Ikiwa imeng'ang'ania au imechoma jicho lenyewe usiivute kwa kibano. Jamani, tafadhali, usiweke dawa ya macho ya binadamu iliyobaki kabatini, nyingi zina deksamethasoni au betamethasoni, na jicho lenye mchubuko likipata hiyo linaharibika haraka sana. Kama mbwa alipita kwenye uzio wa mnyaa, yawezekana siyo mbegu ni utomvu, hapo suuza robo saa nzima halafu mpeleke.

6. Pua na mdomo. Pua inajulikana kwa chafya za mfululizo, anapiga chafya mpaka anagonga pua chini, na damu kidogo inatoka tundu moja. Baada ya siku moja au mbili chafya zinapungua na mwenyewe anafurahi. Kupungua siyo kwamba imetoka, mara nyingi imezama zaidi. Usichokonoe pua.

Mdomoni ndipo penye hatari kwako wewe. Mbwa anayetoa udenda, taya limelegea, anashindwa kumeza, anaonekana kabisa kama amekwamwa na mwiba au mfupa. Kichaa cha mbwa kinaweza kuonekana hivyohivyo, na watu wanapoteza maisha kwa kuingiza mkono kusaidia. Kama mbwa hana chanjo, au tabia yake imebadilika, au ameng'atwa na mbwa usiyemjua miezi ya karibuni, USIINGIZE MKONO hata ukivaa glovu. Mfungie mahali, mpigie bwana mifugo. Ukishang'atwa au mate yakiingia kwenye mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali ya watu siku hiyohiyo, usisubiri uone mbwa atakuwaje.

7. Sehemu za siri. Watu wanaona aibu kukagua, mbwa anaumia. Kwa dume angalia ndani ya ngozi inayofunika uume, kwa jike angalia pembeni ya uke. Mbwa anayejilamba huko muda wote na kutoa matone ya usaha au damu siyo lazima awe kwenye joto, anaweza kuwa na mbegu.

8. Kutoa. Kata manyoya ya kuzunguka, nawa, vaa glovu, paka povidoni iliyozimuliwa mpaka iwe rangi ya chai ya rangi nyepesi. Shika mbegu karibu kabisa na ngozi na uvute irudi nyuma kwa njia ileile iliyoingilia, taratibu, bila kupindisha na bila kuishtua. Ikikatika usichimbe kwa sindano wala wembe. Najua inauma kuona kipande kinapotelea ndani, lakini ukichimba unakisukuma na unaongeza njia nyingine ya kupita. Ikitoka, iweke kwenye karatasi nyeupe uangalie kama ina ncha yake. Bila ncha, bado kazi haijaisha. Itunze hiyo mbegu kwenye kachupa, daktari atashukuru kuiona.

Usivute kabisa mwiba mkubwa uliochoma kifuani, tumboni, shingoni au jichoni. Uache ulivyo, mzuie mbwa asitembee, mpeleke.

9. Kuosha. Kama ni unyayo na kitu kimetoka chote, loweka mguu kwenye maji ya chumvi vuguvugu dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku tatu au nne. Tundu dogo lisuuze kwa bomba kwa kulitiririshia polepole, usilisukumie maji kwa nguvu. Liache wazi lipumue na kutoa uchafu, usilizibe. Mzuie asilambe, kama huna kola ya plastiki kata kitako cha ndoo ndogo, lainisha ukingo kwa kitambaa, mfunge nayo kwenye mkanda wa shingo. Kazini harudi mpaka pawe pakavu.

10. Andika. Tarehe, mguu gani, umetoa nini, ncha ilikuwepo au haikuwepo. Pima joto asubuhi na jioni kwa siku kumi. Mbwa mzima ni 38 hadi 39.2, ikifika 39.5 akiwa amepumzika kivulini hiyo ni homa. Hesabu na pumzi akiwa amelala: 15 mpaka 30 kwa dakika ni kawaida, ikizidi 40 usilale.

Makosa ninayoyaona kila msimu

La kwanza na kubwa ni kubadilisha sindano. Yaani OTC imeshindwa, tunahamia penisilini na strepto (streptomaisini), hiyo nayo imeshindwa, tunaulizia kali zaidi. Angalia mwenendo wake: anapona akiwa kwenye dawa, dawa ikiisha wiki moja au mbili kinarudi palepale au karibu yake. Hiyo ndiyo saini ya kitu kilichobaki ndani. Dawa inaua bakteria walioko kwenye nyama, waliojificha kwenye kile kijiti haiwafikii, ikiisha wanatoka tena. Mzee mmoja mfugaji alinieleza vizuri kuliko kitabu, aliniambia "mwanangu, ukizima moshi bila kutoa kaa, umezima nini?" Mbwa wake alikuwa na jipu ubavuni lililopasuka mara tatu ndani ya miezi minne, na mtu aliyekuwa akimtibia kila akija anachoma sindano na kuondoka. Alipokuja kulazwa kwa nusu kaputi na kupasuliwa vizuri kilitoka kipande cha mbegu, kimelainika, cheusi. Halijarudi tena.

La pili ni dawa za maumivu za watu. Ibuprofeni, diklofenaki, paracetamol, zote weka mbali. Zinamtoboa tumbo, zinaua figo na ini, na mbwa wa kazi ambaye ameshapungukiwa maji anaathirika haraka zaidi.

La tatu, oili chafu, maji ya betri, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Vyote atavilamba. Peroksaidi nayo inaunguza nyama changa, achana nayo.

La nne, kuacha jipu livimbe "liive" kwa wiki tatu. Kidole kisipopata nafuu ndani ya siku mbili za kuloweka, mpeleke.

Kwa daktari uulize nini

Usiende ukasema tu mbwa ana kidonda. Mwambie: alikuwa kwenye nyasi za mkuki tarehe fulani, hiki ni kivimbe cha mara ya ngapi, alipewa dawa gani kwa siku ngapi, na uliza moja kwa moja kama kuna uwezekano wa kitu cha mmea ndani. Mmea kwa kawaida hauonekani kwenye eksirei, kwa hiyo ukiambiwa eksirei ni safi bado hujamaliza. Ultrasaundi inaweza kuuona pale penye majimaji au usaha, na siti skani inasaidia kifuani na mgongoni pale inapopatikana. Masikio, pua na matundu yanayotoa usaha yanahitaji nusu kaputi ili mtu aangalie na atafute kwa utulivu.

Omba pia usaha upelekwe maabara kabla ya kuanza dawa mpya. Waambie wanaopima kwamba mnahisi bakteria wanaoitwa Actinomyces au Nocardia, maana Actinomyces anaota polepole na hapendi hewa, asipotafutwa kwa makusudi majibu yanakuja "hakuna kitu". Akipatikana, dawa ni ya wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na usiikatishe kwa sababu mbwa ameanza kukimbia. Kwa Tanzania, kesi ngumu nyingi zinaishia hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro, Kenya kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete. Ni gharama, ndiyo, ila piga hesabu ya sindano zote za miezi minne kwanza.

Ikikwama

*Kivimbe kina tundu katikati na kinaonekana kama kinachezacheza.* Hiyo siyo mbegu, ni buu wa nzi wa maembe. Paka vaselini nene kwenye tundu asipate hewa, atachomoza, mtoe mzima bila kumpasua. Na vidoti vyeupe vyenye nukta nyeusi kwenye vitumbua vya nyayo ni funza wale wa miguuni.

*Nimetoa mbegu nzima ila bado anachechemea siku ya tatu.* Kuna nyingine. Hizi mbegu zinatembea kwa makundi, kagua vidole vyote upya na miguu yote minne.

*Mipungate imemjaa mdomoni na nyayoni.* Vimiiba vikubwa toa kwa kibano, vile vya vumbi jaribu utepe wa gundi, ule mzito kama plasta, kwenye ngozi isiyo na manyoya, bandika na ubandue mara kadhaa. Usisugue. Vya ulimini na kooni ni nusu kaputi.

*Anakohoa, amekonda, homa inakuja na kuondoka, alikuwa kwenye nyasi mwezi uliopita.* Hapa usijaribu kitu nyumbani. Mbegu iliyovutwa na pumzi inaweza kujaza kifua usaha, na mwanzoni mbwa anaonekana amechoka tu. Akianza kukaa na viwiko vimetanuka nje na shingo imenyooshwa, hataki kulala ubavu, hiyo ni safari ya saa hiyohiyo hata kama ni usiku.

*Mgongo unauma, hataki kuruka kwenye gari, nyuma ya mbavu pamevimba au pana tundu linalotiririka.* Ni safari ya mbegu ileile, kutoka kifuani inafuata misuli mpaka chini ya uti wa mgongo. Wengi wanadhani amepigwa na mtu au ameanguka. Mwambie daktari neno mbegu, usiache aotee.

*Kila mwaka ni mbwa yuleyule.* Mnyoe manyoya ya katikati ya vidole, masikioni na kwapani kabla nyasi hazijakauka. Kwetu Kongwa ambako mvua ni moja, kazi hiyo ni mwezi wa tatu mwishoni, maana kuanzia wa nne mpaka wa sita ndipo mbegu zinadondoka. Kwenye mvua mbili utakuwa na misimu miwili. Fyeka kuzunguka banda na njia ya zizini, nyasi zilizofyekwa uzikusanye, usimtandikie mbwa kama godoro, hilo nimelikuta mara nyingi mno. Na kama kuna njia mbili za kwenda malishoni, miezi hiyo pita ile ya barabarani hata kama ni ndefu.